Kufungiwa kwa hiari: namna ya kucheza chumba cha kutoroka kigumu ukiwa ugenini

Vifaa vyako viache nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu mie ni fundi wa funguo na vitasa hapa sokoni Darajani, Unguja, na vijana wanaopita kibandani kuniaga kabla ya safari hudhani nitawapa waya wa kuchokonolea kufuli. Hautawafaa kitu. Chumba cha kutoroka kimejengwa kifunguke, na kila kufuli lililomo limewekewa dokezo lake humo humo ndani. Ukitoa waya utatolewa nje, pesa hazirudi, na watakuwa na haki yao.

Kwa asiyewahi kusikia: ni mchezo wa kulipia. Mnaingia watu wawili, watatu, pengine hadi sita, kwenye chumba kilichopambwa kwa kisa fulani, kaburi la firauni au seli ya jela au maabara ya mwendawazimu, na saa ya ukutani inaanza kurudi nyuma kutoka dakika 60. Mnatafuta, mnafumbua, mnafungua, na kila kufuli linazaa fumbo jengine mpaka mlango wa mwisho. Nje yupo msimamizi anayekutazameni kwa kamera. Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, kwa kampuni ya SCRAP ya bwana Takao Kato. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics akafungua ParaPark mjini Budapest, mji wenye majengo ya kale na vyumba vya chini ya ardhi vilivyokuwa vimekaa bure, na Ulaya nzima ikafuata. Mie niliujulia Budapest huko huko, alipotuchukua mpwa wangu anayeishi London. Siku hizi hata nikienda Dubai kununua funguo zisizochongwa, sirudi mpaka nifungiwe. Mke wangu hucheka: kazi ninayolipwa Darajani, ugenini nailipia.

Watu wetu hawashindwi na mafumbo. Sisi ni watu ambao jirani anakujibu kwa kanga, hasemi neno, na ujumbe unafika. Kinachotuchelewesha humo ndani ni adabu: tunasema polepole, tunamwachia mkubwa, tunaona haya kuomba msaada. Mengi ya nitakayosema yanarudi hapo.

Kabla ya ndege

Weka nafasi kupitia tovuti yao ungali nyumbani, kwani vyumba vizuri hujaa mwisho wa wiki. Uliza lugha. Wapo wanaotangaza Kiingereza, kumbe Kiingereza chenyewe ni cha maelezo ya mlangoni tu, mafumbo yamebaki kwa lugha ya kwao. Waandikie moja kwa moja: maandishi ya ndani nayo ni Kiingereza? Uliza pia kama chumba ni chenu peke yenu au mtachanganywa na watu msiowajua. Marekani khasa mtindo wa kuchanganya upo. Kama umekwenda na mama, dada na wifi, lipa chumba kizima.

Saa ziandike kwa mtindo wao. Kwao 15:00 ni saa tisa yetu ya alasiri. Jamaa mmoja wa Malindi aliwekewa 9:00 ya asubuhi, akawaambia wenzake saa tisa, wakaja alasiri wamependeza, nafasi imeshapita na malipo yameliwa. Na kule "nipo njiani" haisaidii. Nyuma yenu kuna kundi jengine, kwa hiyo mkichelewa robo saa, robo saa ile inakatwa kwenye dakika zenu.

Sala zihesabu kabla ya kulipa. Mchezo wa dakika 60 unakula saa moja u nusu ukiongeza maelezo ya mwanzo na picha za mwisho. Mwezi wa Juni Budapest jua linazama karibu na saa tatu kasorobo usiku, basi nafasi ya saa kumi na mbili jioni inakaa vizuri baina ya alasiri na magharibi. Disemba jua linazama hata saa kumi haijafika, na hesabu nzima inageuka.

Nguo: buibui refu na njia ya kutambaa havipatani. Kina mama wavae suruali pana chini ya gauni lisiloburuta, na mtandio uliobanwa pini. Viatu vya kufunga. Pete kubwa na bangili ziacheni hotelini.

Sasa, ugumu. Tovuti nyingi zinaandika asilimia ya makundi yaliyofanikiwa kutoka. Usiitegemee sana, kwa sababu kila mwenye chumba anahesabu anavyopenda, na wapo wanaomwandika kuwa ametoka hata aliyeshikwa mkono hatua kwa hatua. Ulizia namna mafumbo yalivyopangwa. Kuna vyumba vya mstari mmoja, fumbo la pili halifunguki mpaka la kwanza liishe; humo watu sita ni wengi, wanne watasimama wakitazama migongo ya wenzao. Kuna vyumba vya matawi, mafumbo matatu manne yanakwenda kwa pamoja. Humo watu wawili watakimbia hadi pumzi ziwaishe. Ukijua ni cha aina gani ndipo utajua umchukue nani. Athens inasifika kwa michezo mirefu, mengine inapita saa mbili. Safari yako ya kwanza usianze na hiyo.

Kisa cha chumba nacho kisome mapema, kwa sababu kinakwambia utakutana na nini. Benki ina masanduku na namba nyingi. Maabara ina rangi, mizani na vipimo. Kwenye visa vya Mashariki, aliyekaa chuo cha Kurani akasoma juzuu ana faida kubwa: namba za Kiarabu anazisoma, wakati wenzake wanaona tano wanadhani sifuri, wanaona sita wanadhani saba.

Vyumba vya kutisha ni dunia nyengine. Humo hukaa mtu mzima, muigizaji, anakufuatieni gizani, na baadhi yao hugusa wachezaji. Tamka mapema kwamba hamtaki kuguswa. Ni ombi la kawaida na wanalizoea. Ulizia pia moshi wa mashine na taa za kumwekamweka, kwa ajili ya mwenye pumu au kifafa. Mie vyumba hivyo sivipendi. Sisi tuliolala nje kwa makundi mwaka 1995 kwa ajili ya popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu majumbani usiku, tulishatishwa vya kutosha, na hatukutozwa tiketi.

Uliza mlango

Hapa nasema kama fundi na mzaha nauweka pembeni. Kabla hujakaa kusikiliza maelezo, uliza: mmoja wetu akitaka kutoka sasa hivi, anatokaje? Msimamizi mzuri hakujibu kwa maneno tu. Anakupeleka mlangoni, anakuonesha kitufe cha dharura, au anakuonesha kwamba mlango mlioingilia haufungwi kabisa na mchezo wenyewe unaelekea mlango mwengine.

Vyumba vingi vya kisasa vinatumia sumaku ya umeme. Juu ya mlango kuna bamba la chuma linaloshikwa na sumaku maadamu umeme unapita. Umeme ukikatika sumaku inaachia, na mlango unasukumika kwa kidole. Ndiyo maana mafundi tunaiamini kuliko kitasa cha ufunguo kwa kazi hii, kwa kuwa kitasa hakijui kama kuna moto. (Chumba cha sumaku kingefunguliwa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa gizani kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara, kila mchezaji angeshinda bila ya kufumbua kitu.)

Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin nchini Polandi, wasichana watano wa miaka 15 waliokwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao walikufa ndani ya chumba cha kutoroka. Gesi ya kupashia joto ilivuja, moto ukawaka sehemu ya kungojea, njia ya kutokea ikazibwa. Baada ya hapo serikali ilikagua vyumba hivyo nchi nzima na baadhi vikafungwa. Kwa hiyo ukikuta dirisha limepigwa mbao, njia ni moja, na ufunguo uko mfukoni mwa kijana aliyeketi chumba cha pili anachezea simu, geuza uondoke. Usione haya mbele ya wenzako.

Mkishaingia

Maelezo ya mwanzo yanachosha, lakini yasikilizeni, kwa sababu humo ndimo mnamoambiwa kisichoguswa: soketi, dari, vitu vyenye stika. Nguvu haihitajiki popote. Kitu kinachodai zaidi ya vidole viwili ama hakijafika wakati wake ama si sehemu ya mchezo.

Dakika za mwanzo ni za kupekua, na upekue kama unayetafuta siri ya kasha la bibi. Mafundi waliotengeneza makasha yetu walikuwa wakiacha uwazi wa kuwekea vito nyuma ya droo, na huuoni mpaka uitoe droo yote nje uweke chini. Basi droo itolewe yote. Zulia lifunuliwe. Kitabu kishikwe mgongo kitikiswe. Mfuko wa koti lililotundikwa utiwe mkono mpaka kwenye pindo. Kisha mtu wa pili apekue pale pale alipopekua wa kwanza, utashangaa.

Ukipata kitu, paza sauti. "Ufunguo mdogo wa shaba!" "Nne nyekundu, nyuma ya picha!" Usikitie mfukoni, usikae nacho ukikitafakari peke yako. Vyote viende juu ya meza moja. Kilichokwisha kazi kiondolewe mezani, na ufunguo uliofungua uachwe kwenye kufuli lake, maana vyumba vingi hutumia kila ufunguo mara moja tu.

Kupaza sauti ndiko kugumu kwetu. Niliwahi kuingia Dubai na familia moja ya Kikwajuni, babu yao mwalimu mstaafu wa skuli. Babu akalishika kufuli la herufi akakaa nalo kitini. Wajukuu wakajipanga nyuma yake, mikono imefungwa kifuani kwa heshima. Yule mdogo wa kike alikuwa ameshaliona neno lenyewe kwenye fremu ya picha, anamnong'oneza mama yake: "Mama, mwambie babu." Mama naye: "Ngoja babu amalize." Babu hajamaliza, dakika zinayoyoma, msimamizi kwenye kamera naamini alikuwa anang'ata kucha.

Dawa yake inatolewa mlangoni kabla ya kuingia. Mkubwa mwenyewe atamke, kwa kinywa chake, kwamba kwa saa hii mtoto ana ruhusa ya kumkata kauli. Lazima atamke yeye, kwa sababu mtoto wa Kiunguja hawezi kujipa ruhusa hiyo. Mie huwaambia wapwa zangu, "Humo ndani mie si mjomba," na yule mdogo kabisa hulipokea neno hilo kwa furaha isiyo na mpaka. Wekeni na sheria nyengine: mtu akikaa na fumbo dakika tatu bila ya kusogea, amkabidhi mwenzake na aondoke hapo kabisa, asisimame begani kwake.

Makufuli yenyewe

Mkiwa mnapekua, mmoja ahesabu makufuli na asome kila moja linataka nini. Lenye magurudumu matatu linataka tarakimu tatu, basi karatasi yenye namba nne si yake. Kazi hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko akili yoyote.

Namba pekee ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mpangilio wake. Tazama rangi, ukubwa, urefu kutoka sakafuni, kushoto kwenda kulia. Tarakimu tatu tofauti zina mipangilio 6 tu, unaweza kuijaribu yote. Nne tofauti zina 24, inawezekana kama umekata tamaa. Lakini usithubutu kubahatisha kufuli zima. La tarakimu tatu lina namba 1,000, na hata ukijaribu moja kila sekunde 3, utamaliza dakika 50. Kinyume chake, kama la tarakimu nne unazijua tatu na mahali pake, zungusha gurudumu lililobaki: namba 10, nusu dakika. Vuta kidogo kile chuma kilichopinda kila unapozungusha. Huko si kuchokonoa, ni kucheza kwa akili, na hakuna aliyewahi kunikataza.

Mambo madogo ya mkono: tarakimu zipange sawasawa kwenye alama, si juu kidogo wala chini kidogo, kufuli nyingi "zilizokataa" nilikuta zimepindwa upana wa unywele. Lile la mishale, la kusukuma juu, chini, kushoto, kulia, linakumbuka makosa yako. Kabla ya kuanza upya, bonyeza chuma chake kilichopinda ndani mara mbili ili lisahau, kisha ndiyo uingize mishale. Kundi zima linaweza kuwa na jibu sahihi na likashindwa kwa sababu ya hilo tu.

Na yapo yanayotukwaza sisi wa Kiswahili peke yetu. Saa ya ukutani ikisimama, mshale mdogo ukiwa kwenye 9, mwenzako atapiga kelele "saa tatu!" na wewe utaingiza 3. Kubalianeni mapema: humo ndani mnasoma namba iliyochapwa, hamsemi saa. Herufi nazo. Mafumbo mengi hugeuza herufi kuwa namba kwa kuhesabu A ni 1 mpaka Z ni 26. Ukihesabu kwa abjadi tuliyofundishwa skuli, yenye CH na isiyo na Q wala X, R yako itatoka 17 wakati kwao ni 18, na kuanzia hapo kila kitu kimepotea. Andika abjadi yao yote kwenye karatasi mara tu mkianza. Tarehe, Mmarekani anatanguliza mwezi, Mwingereza siku, na Hungaria wanaanza na mwaka.

Mkikwama, ombeni msaada. Kwa vyumba vingi umo ndani ya bei mliyolipa, na kwenye chumba kigumu makundi hodari huomba. Dakika tano sita bila ya jambo jipya zinatosha. Ombeni kwa kueleza: tumepata hiki na hiki, tumejaribu hivi, tunadhani kinakwenda na kufuli la bluu. Msimamizi akijua mlipo atakupeni neno moja tu la kukusogezeni. Mkisema "tusaidie" tupu, atakupeni jibu zima na utamu umekwisha.

Mkishindwa, mwambieni akuonesheni yaliyobaki kabla hamjatoka. Mkishinda pia. Majibu msije nayo nyumbani kuyatangaza, kwa sababu jirani yako naye atapanda ndege.

Mazoezi ya nyumbani

Usilipie chumba kigumu kama familia haijawahi kutafuta kitu pamoja. Andaa mchezo barazani, hautaki gharama. Hili ni pambano nililowatengenezea watu wangu, unaweza kuligeuza utakavyo.

Chukua kasha au sanduku lolote, litie halua ndani, lifunge kwa kufuli la tarakimu tatu. Weka bao la kete pembeni, na kwenye mashimo matatu ya mstari wa mbele tia komwe, zile mbegu za kuchezea bao: tano, mbili na saba, kila shimo na uzi wa rangi yake: kijani, nyekundu, nyeupe. Mashimo mengine yaache matupu. Watoto wataziona namba mara moja na watakimbilia kufuli, halitafunguka, kwa sababu mpangilio hawana.

Tundika ukutani kanga iliyoandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*, na upachike pini nne ndogo chini ya herufi M, E, N na mwisho O. Pini ziwe za kichwa cheusi, zisionekane kwa mbali. Atakayesoma "meno" ataanza kutazama funguo, kisha vitana vya nywele, kisha midomo ya wenzake. Mwache ahangaike. Jikoni kuna mbuzi ya kukunia nazi, na chini ya kiti chake umebandika bahasha yenye nyuzi tatu zilizofungwa kwa mfuatano: nyeupe, kijani, nyekundu. Saba, tano, mbili.

Weka saa ya simu dakika 20, kaa kibarazani na kahawa yako, na usiseme kitu mpaka waombe. Sikiliza nani anapaza sauti na nani ananong'ona. Anayenong'ona ndiye wa kumpa kazi ya kutangaza siku ya safari. Wiki ya pili waliofungua kasha waandae la kwao, na wewe uingie ucheze. Kufuli za tarakimu tatu Darajani zipo tele. Kabla ya kulipa, zungusha kila gurudumu usikie linagonga kwenye kila namba, maana za bei rahisi sana huteleza.